Mizani Iliyojificha Ndani ya "Dispense"

Sisi tunaokaa nyuma ya dirisha la dawa tuna kitenzi chetu. "Leo nani anadispensi?" "Subiri kidogo, namalizia kudispensi za wodini." Kimetuingia tangu chuoni, kikanyambulishwa kama kitenzi chochote cha Kiswahili, na hapa Moshi sijaona mwenzangu anayekishangaa. Ukimwuliza fundi dawa maana yake atakujibu: kutoa dawa. Jibu hilo ni sahihi na linatosha kwa kazi ya siku. Mimi halikunitosha. Nimelifuatilia neno hili kwenye kamusi za Kiingereza na za Kilatini kwa muda mrefu, kwa sababu kila nilipochimba nilikuta linasema jambo kuhusu kazi yangu ambalo "kutoa" hakulisemi.

Kutoa ni kitenzi kipana mno. Mtu anatoa sadaka, anatoa taka, anatoa hotuba, anatoa jino. Ukisikia fulani ametoa, hujui katoa kiasi gani, hujui alichotoa kilikuwa cha nani, wala hujui kama aliyepokea alistahili kiasi hicho au zaidi. "Dispense" kwenye asili yake haikubali kuacha maswali hayo hewani.

Waingereza walilipata neno hili katika karne ya 14 kupitia Kifaransa cha zamani, nacho Kifaransa kililichukua kwa Kilatini. Kule Roma lilikuwa dispensare, kupimia watu mmoja mmoja, kulipa, kusimamia matumizi. Nyuma yake kuna dispendere, na ukilivunja hilo unapata vipande viwili: dis, yaani huku na huku, mbalimbali, na pendere. Hapo kwenye pendere ndipo penye utamu. Kitenzi hicho kimoja cha Kilatini kilibeba maana tatu kwa mpigo: kutundika, kupima uzito na kulipa. Anayefikiria kwa mizani ya kidijitali ya dukani hataona uhusiano wa kutundika na kupima. Mizani ya zamani ilikuwa fito inayoning'inia, upande huu sahani, upande ule sahani, au upande mmoja ndoana na mwingine jiwe. Huwezi kupima bila kutundika.

Wazazi wenzangu wanaijua mizani ya namna hiyo vizuri kuliko profesa yeyote wa Kilatini. Nenda kliniki ya watoto asubuhi, zahanati yoyote ya Uru au Kibosho au huku chini Mabogini. Mizani ya duara yenye uso kama wa saa imefungwa kwenye boriti la kibaraza. Mama anamvua mtoto nguo zote, anamvalisha kile kikaptula cha kitambaa chenye mikanda, nesi anaining'iniza mikanda kwenye ndoana. Mtoto anapiga kelele, anarusha miguu hewani, mshale unacheza huku na huku. Nesi haandiki bado. Anasubiri mshale utulie. Foleni imefika getini na mama wa nyuma ameanza kunung'unika, lakini nesi anayejua kazi yake anasubiri, kisha anasoma namba, anaitaja kwa sauti, anaiandika kwenye kadi na kuweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji.

Namba ile, kama mtoto amekutwa na malaria, ndiyo itakayoamua nitamkabidhi mama nini dirishani. Dawa ya mseto hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika 15 anapata kidonge 1 kwa kila mara. Kuanzia 15 hadi asiyefika 25, vidonge 2. Kuanzia 25 hadi asiyefika 35, vidonge 3. Kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Mara mbili kwa siku, siku 3. Kwa hiyo mtu mzima anaondoka na vidonge 24 na mtoto mchanga wa kilo 9 anaondoka na 6. Panadol ya maji nayo ni hivyo hivyo, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa hiyo kutundika, kupima na kutoa, vitu ambavyo Mroma aliviweka kwenye shina moja la neno, kwenye zahanati zetu vinatokea vyote asubuhi moja, tena kwa mpangilio ule ule. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye kamusi nilifunga kitabu nikakaa kimya kwanza.

Maana ya tatu, kulipa, inataka maelezo kidogo. Kabla ya sarafu kuenea Roma, shaba ndiyo ilikuwa pesa, na shaba haihesabiwi, hupimwa. Sheria yao ya kale ilikuwa na utaratibu wa kuuziana vitu vizito kama ardhi, watumwa na ng'ombe wa kazi: wanakusanyika mashahidi watano, raia wa Roma waliobalehe, na mtu wa sita anashika mizani ya shaba. Huyo wa sita aliitwa libripens, mshika mizani, na ile "pens" ya mwisho wa jina lake ni pendere hiyo hiyo. Baadaye sarafu zikaja na hapakuwa tena na haja ya kupima shaba, lakini mshika mizani aliendelea kuitwa na mizani iliendelea kuguswa, ili mauzo yawe halali.

Mzee yeyote wa mlimani aliyewahi kupeleka kahawa chama cha msingi angemwelewa libripens bila mkalimani. Wachagga walianza kuuza kahawa kwa umoja wao mwaka 1925 walipounda chama cha wapanda kahawa wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 ukafuata KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, ambao jengo lake bado liko pale mjini. Tangu siku hizo kazi nzima ya mwaka, kupogolea, kupulizia, kuchuma punje nyekundu peke yake, kukoboa, kuanika, inaishia kwenye dakika moja: gunia likiwa kwenye mizani na karani akiwa ameinamia namba. Pesa inakuja baadaye, nyingine msimu ukishapita, lakini malipo yameshaamuliwa pale. Kwa mkulima kupimwa na kulipwa ni kitu kimoja kilichotenganishwa na muda tu.

Ukoo wa pendere ni mkubwa, na baadhi ya ndugu zake wamehamia kwenye Kiswahili bila kujitambulisha. Pensheni ni mmoja wao: malipo yanayopimwa na kutolewa kwa vipindi. Pauni ni mwingine, kutoka pondo, uzito. Pauni ya Waingereza ilianza kama uzito wa fedha halisi, na peso ya nchi zinazosema Kihispania maana yake ni uzito tu. Kwa Kiingereza chenyewe yumo expense, yaani matumizi na gharama, yumo compensation, yaani fidia, yumo hata pensive, yaani kuwaza kwa utulivu, kwa kuwa anayetafakari anapima jambo kichwani. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo bila kuazima kwa mtu. "Hebu pima mwenyewe," tunamwambia mtu tuliyemshindwa kwa maneno, na hatuna mizani yoyote mkononi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba Kiswahili kina kitenzi ambacho kinakaa karibu sana na asili ya "dispense" kuliko kutoa. Nenda sokoni Mbuyuni. Hakuna anayesema "niuzie sukari." Wanasema "nipimie." Nipimie robo. Nipimie mchele kilo mbili, ule wa Kyela kama upo. Mafuta ya kula yanayouzwa kwa vikombe kutoka kwenye dumu yanaitwa mafuta ya kupima, na maziwa yanayotoka kwenye ndoo ni maziwa ya kupima. Kwa neno hilo moja mnunuzi ameomba kitu, ametaja kwamba anataka sehemu tu ya kilichopo, na amemkumbusha muuzaji kwamba kuna kipimo kati yao. Ile "i" ya katikati, ya kumfanyia mtu, inabeba uzito mkubwa. Kupima ni kujua kiasi. Kupimia ni kujua kiasi kwa ajili ya mtu fulani aliyesimama mbele yako. Mroma alisema dispensare, mama wa Kiboriloni anasema nipimie, na wote wawili wanaongelea tendo lile lile.

Na kwa kuwa ni tendo la uaminifu, ni rahisi kuliharibu. Mkulima wa vitunguu na viazi anaijua lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomoni, halafu likashonewa kilemba juu, linauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria yetu ya vipimo inataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka, lakini lumbesa bado inapanda malori. Vitabu vitakatifu vimeligusa kwa ukali kuliko sheria. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," inasema Mithali. Majirani zangu Waislamu wanayo sura nzima, ya 83, inayoanza na ole kwa wapunjao, wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kamili, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Na mwisho wa Ramadhani kila nyumba inayojiweza inapima zaka ya fitri, pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, kilo mbili na nusu au karibu yake. Sadaka, ndiyo, lakini sadaka yenye kipimo.

Sasa turudi Roma, maana kuna mtu hatujamtaja. Kwenye nyumba kubwa ya Kirumi aliyepimia wengine hakuwa mwenye mali. Alikuwa dispensator, mara nyingi mtumwa, aliyekabidhiwa hesabu na ghala. Yeye ndiye aliyelipa, aliyegawa nafaka, aliyeandika kilichotoka. Mali haikuwa yake hata punje moja. Injili ya Luka inamtaja mtu wa namna hiyo, sura ya 12 mstari wa 42, na Biblia ya Kilatini imemwita kwa jina hilo hilo, dispensator. Biblia yetu ya Kiswahili inasema: "Ni nani, basi, aliye wakili mwaminifu, mwenye busara, ambaye bwana wake atamweka juu ya utumishi wake wote, awape watu posho kwa wakati wake?" Wakili hapa siye yule wa mahakamani tunayemlipa atutetee. Ni msimamizi, mtu aliyeshika mali ya mwingine. Na Kilatini cha mstari huo kinaongeza kitu ambacho posho imekimeza: kinasema awape kipimo cha ngano.

Mstari huu naupenda kuliko wote unaohusu kazi. Umetaja yote yanayotakiwa dirishani: uaminifu, busara, kiasi, na wakati. Dawa ninazozishika si zangu. Zimetoka Bohari ya Dawa, zimenunuliwa kwa kodi, kwa michango ya bima, au kwa fedha ya mgonjwa mwenyewe aliyelipia dirisha la pembeni dakika tano zilizopita. Bibi mmoja kutoka Machame aliwahi kuniambia, baada ya kupokea dawa zake za presha, "Asante mwanangu kwa dawa zako." Nikamwambia, "Bibi, si zangu, ni zako, mimi nimekutunzia tu." Alicheka, akaniita dokta kama wanavyotuita wote tuliopo nyuma ya kioo, akaenda zake. Lakini nilikuwa nimemaanisha.

Huko Ulaya mtunza ghala huyo aliendelea kuishi katika majumba ya wafalme na makabaila, na Wafaransa wakamwita despensier. Aliyeshika funguo za stoo ya chakula alikuwa mtu mzito, na cheo kikageuka kuwa jina la ukoo: Despenser, na kwa kufupishwa, Spencer. Hugh Despenser mdogo alikuwa kipenzi cha mfalme Edward wa Pili wa Uingereza, akajilimbikizia ardhi mpaka nchi ikamchoka. Aliuawa kikatili kule Hereford mwaka 1326. Jina lililotokana na kuwagawia wengine liliishia kwa mtu aliyejulikana kwa kujigawia mwenyewe. Spencer waliokuja baadaye wanajulikana zaidi: Winston Churchill alikuwa Spencer-Churchill kwa ukamilifu wake, na Diana, yule Princess aliyependwa mpaka huku kwetu, alizaliwa Diana Spencer. Kila jina hilo likitajwa, anatajwa mtu mwenye funguo za ghala la mwingine.

Maana iliyonisumbua zaidi ni ile ya kinyume. Kwa Kiingereza ukisema "dispense" unatoa, lakini ukiongeza kile kineno "with", unaachana na kitu, unafanya bila hicho. Inakuwaje kitenzi cha kutoa kigeuke kuwa cha kuacha? Jibu liko kanisani. Wakristo wa kwanza walioandika kwa Kilatini walilitumia neno la usimamizi wa nyumba, dispensatio, kutafsiri lile la Kigiriki oikonomia, ambalo ndilo limezaa neno la Waingereza la uchumi, economy. Kiongozi wa kanisa ni wakili wa nyumba ya Mungu, na wakili mwenye busara anajua kwamba sheria nayo hupimwa kwa mtu. Kuna mahali ambapo kuibana mpaka mwisho kunaumiza bila faida. Kwa hiyo anatoa kibali: kwa huyu, kwa sababu hizi, sharti hili halitadaiwa. Kibali hicho kikaitwa kwa jina la tendo lake, dispensation. Na mtu akishapewa kibali cha kutofuata sharti, amefanya bila sharti hilo. Mlango wa maana ya kuachana na kitu ulifungukia hapo.

Kibali cha aina hiyo kimewahi kutikisa ufalme. Catherine wa Aragon alikuwa mjane wa Arthur, na ili aolewe na Henry, mdogo wake Arthur, Papa Julius wa Pili alitoa kibali mwaka 1503. Walioana 1509. Miaka ilipopita bila mtoto wa kiume aliyeishi, Henry wa Nane akaanza kudai kwamba Papa hakuwa na mamlaka ya kutoa kibali kile, Roma ikagoma kumkubalia, na mwaka 1534 bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa kanisa la Uingereza.

Moshi tunaishi na vibali hivyo kwa amani zaidi. Wakatoliki na Walutheri tumejaa mlima huu mzima, na vijana hawaulizani dhehebu kabla ya kupendana. Mkatoliki anayetaka kuoana na Mlutheri anahitaji ruhusa ya kanisa lake, na kama ndoa itafungwa usharikani kwa Walutheri kinahitajika kibali cha kuondolewa sharti la kufungia ndoa Kikatoliki. Akioana na Mwislamu, kibali ni cha aina nyingine na kizito kidogo. Familia nyingi ninazozijua zina bahasha moja ya namna hiyo kabatini. Padri anayewasikiliza wachumba, anayeuliza maswali, anayeandika barua kwa Askofu, anafanya kazi iliyomo kwenye neno letu: anapima, kisha anatoa. Tunaiita ndoa ya mseto, kama ile dawa ya malaria.

Kutoka kanisani neno lilielekea kwenye dawa, na huko lilizua ugomvi wa aina yake. London ya mwaka 1698, chuo cha madaktari kilifungua chumba Warwick Lane ambapo maskini wangepata dawa kwa bei ya manunuzi. Wauza dawa wa mji, waliokuwa wakipata faida kubwa kwa kila chupa, walikasirika. Daktari Samuel Garth akaandika shairi refu la kuwakejeli mwaka 1699, akaliita kwa jina la chumba chenyewe, The Dispensary. Ugomvi ulifika mpaka Baraza la Makabaila katika kesi ya muuza dawa William Rose, na mwaka 1704 wauza dawa walishinda: wangeweza kumshauri mgonjwa na kumwandikia dawa, wasibaki kuwa watu wa kupima na kukabidhi tu. Swali la nani anapima na nani anaandika halijaisha mpaka leo. Kila anayefanya kazi hospitali anajua maneno yanayopita kati ya chumba cha daktari na dirisha la dawa pale fundi dawa anaporudisha cheti na kusema kipimo hiki hakikai sawa.

Mwaka 1770 daktari John Coakley Lettsom alisaidia kuanzisha kituo kikubwa zaidi cha namna hiyo Aldersgate, London, na vingine vikafuata. Mgonjwa anakuja kwa miguu, anapimwa, anapewa dawa, anarudi kulala kwake. Kituo cha aina hiyo ndicho wakoloni walichokileta huku, na wazee bado wanakiita dispensari. Sisi tunakiita zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati yake na kila kata kituo chake cha afya. Jengo ni la lazima na nimefurahi kila lilipopauliwa. Lakini ukilifuata jina lake la asili, zahanati ni mahali pa kupimia. Ikiwa mizani ya watoto imevunjika ndoana na makabati hayana kitu, kilichobaki pale ni paa.

Neno hili sasa limehamia pia kwenye mashine. Kuna kidude cha sabuni ukutani, kuna ile dispensa ya maji ofisini yenye bomba la moto na la baridi. Wengi wanadhani huo ni upya wa juzi. Hero wa Alexandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza mashine ya hekaluni iliyotoa maji ya kunawia: unatumbukiza sarafu, sarafu inaangukia kwenye kisahani, uzito wake unainamisha mtaimbo, kizibo kinafunguka, maji yanatoka kidogo, sarafu ikiteleza, kizibo kinajifunga. Hata mashine ya kwanza ya kutoa kitu ilikuwa na mizani ndani yake. Ilipima malipo ikapima na maji.

Ila mashine ile haikuweza kuuliza swali, na kazi yetu nusu yake ni maswali. Trei ya kuhesabia iko mbele yangu, kijiko bapa mkononi, vidonge vinasogea vitano vitano: tano, kumi, kumi na tano. Navimimina kwenye bahasha, naandika 1x2, nachora jua na mwezi kama mgonjwa hasomi. Hapo kuhesabu kumekwisha. Halafu: mama, mtoto ana kilo ngapi leo? Nyumbani unatumia kijiko gani? Maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, na dawa ya maji inataka mililita 5 kamili, ndiyo maana nakuwekea hiki cha plastiki. Baba, umekula? Mseto unywe na chakula au maziwa, unafyonzwa vizuri ukikutana na mafuta. Dozi ya pili ni baada ya saa nane tangu hii ya kwanza, usingoje kesho. Hebu nirudishie, utakunywaje? Hapo kwenye "nirudishie" ndipo ninapojua kama nimempimia au nimempa tu.

Na kuna kitu kinachonikosesha raha kuliko vyote, nacho kiko zaidi kwenye maduka ya dawa ya mtaani kuliko hospitali. "Nipe nusu dozi." "Nipe za elfu moja, zile za rangi mbili." Mfuko umeshika mizani badala ya uzito wa mwili na aina ya ugonjwa. Ninamwelewa anayesema hivyo. Mtoto anaumwa, pesa ni hiyo hiyo, kesho haijulikani. Lakini vijidudu vilivyopigwa nusu vinaamka vikiwa vimejifunza, na usugu wa dawa haubaki kwenye mwili wa yule aliyeshindwa kumaliza dozi. Unahamia kwa jirani, unapanda daladala, unafika wodini. Mwuza dawa anayekata plasta ya vidonge kwa mkasi kwa thamani ya elfu moja ametoa dawa, hakuna ubishi. Kupimia hakupimia. Afadhali amwambie mteja ukweli, amrudishe zahanati, au amtafutie dawa nyingine ya bei ndogo inayofaa na inayotimia.

Kwa hiyo wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi nimeanza kuwakataza "kudispensi" kwa siku zao za kwanza, na sijawarudishia "kutoa dawa" pia. Nawaambia waseme kumpimia mgonjwa dawa. Umempimia huyu bibi? Umempimia kwa uzito upi? Wengine wanaona neno ni la sokoni, halina hadhi ya koti jeupe. Wiki iliyopita mmoja alinikatalia kabisa, akasema mgonjwa atadhani tunampimia mchele. Nikamwuliza mama anayenunua mchele Mbuyuni huwa anaangalia nini muda wote muuzaji akipima. Akasema mshale. Nikamwambia basi na wagonjwa wetu wazoee kuuangalia, watuulize kilo ngapi, vidonge vingapi, kwa nini vitano na si kumi, na yeye awe na jibu kila wanapouliza. Hajakubali bado. Kesho tuna zamu moja, tutaendelea.